Mtachoka na Hatuchoki

Nyemo mwanangu,

Umetoka kwenda kuwaaga rafiki zako na umesema utarudi tule pamoja. Maharage yako jikoni. Mimi nimekaa barazani na karatasi, kwa sababu mchana tulipojaribu kuongea tuliishia kupandishiana sauti, na mimi nikishapandisha sauti hakuna anayesikia neno. Barua ina faida moja tu ninayoijua: huwezi kuikatiza.

Sitakuambia uvae sweta asubuhi, wala ufunge begi vizuri kwenye basi, wala uwasalimie wazee wa Kolo, huko Kondoa unakokwenda kufundisha, kabla hawajakusalimia. Hayo unayajua, na usipoyajua wenyeji watakufundisha kwa muda mfupi kuliko mimi. Nataka kuongea habari za mbwa. Za mbwa, za paka, na za sindano moja iliyobaki, ambayo leo mchana, ukiwa unakunja vitenge vyako, umeniambia hutaichoma.

"Mama, nimeshachomwa za kutosha. Kidonda chenyewe kimekauka, hata alama huioni. Nitaanzaje kazi kwa kuomba ruhusa wiki ya kwanza?"

Nikakujibu kwamba umesomeshwa bure. Hilo nalifuta. Mengine yote niliyosema yanabaki pale pale.

Turudi nyuma kidogo, maana nataka uone nilichokiona mimi upande wangu wa meza. Jioni ile ulirudi umechangamka, ukanisimulia kama kichekesho. Ulipita kwa Mama Sifa, jirani tunayechangia naye ukuta, ukamkuta mbwa wao mdogo amelala kivulini karibu na pipa la maji. Taya limelegea, linaning'inia, mate yanamtoka kama uzi. Mama Sifa akakuambia amekwamwa na mfupa wa kuku, hali wala hanywi. Nawe, mwenye huruma kuliko akili, ukapiga magoti, ukampanua mdomo, ukaingiza vidole mpaka kooni kuutafuta mfupa. Mfupa hukuupata. Ulichopata ni jino lililokuchuna kidole cha shahada.

"Kadogo tu, mama. Kama nimejikata na karatasi."

Niliacha kula. Nikakuuliza kama yule mbwa amechanjwa. Hujui. Nikakuuliza kama alikuwa mkali.

"Mkali wapi? Kapole mpaka kanatia huruma."

Hapo ndipo nilipokushika mkono nikakukokota mpaka bombani, na sahani yako ikabaki kwa nzi. Nilisugua kile kidole kwa sabuni ya mche, maji yakitiririka, robo saa nzima. Mwanzo ulicheka, halafu ukalalamika, halafu uliponiona uso ukakinyoosha mwenyewe. Lile ndilo jambo la kwanza kwa mtu aliyeng'atwa au kuchunwa na mbwa, kabla ya kumtafuta mwenye mbwa, kabla ya kupiga simu, kabla ya kugombana. Maji na sabuni, kwa muda mrefu kuliko unavyoona inatosha. Si majivu, si vitunguu saumu, si lile jiwe jeusi ambalo watu wanalibandika kwenye kidonda na kulisubiri lidondoke. Kisha hospitali, siku hiyo hiyo kama inawezekana.

Uliponiuliza, "Kwani upole wake una kosa gani?", nilipandwa na hasira. Si hasira kwako. Hasira kwa neno. Mimi nimeishi kwa kugombana na maneno, nimeandika makala mpaka wahariri wakaanza kunikwepa, na sijaona neno la Kiswahili linalotuangusha kama hili: kichaa cha mbwa. Ukisikia kichaa, unamngoja mbwa wa kwenye hadithi, anayekimbia barabarani macho mekundu akiuma matairi. Wapo wa namna hiyo, na hao angalau wanatupa muda wa kukimbia. Lakini wapo ambao ugonjwa unawaingia kimya kimya. Mbwa mkali anakuwa mpole, mpole anakuwa mkali, mchangamfu anajificha kivulini. Taya linalegea kwa sababu limepooza. Mate yanatoka kwa sababu hawezi kumeza. Na sisi, kwa kuwa hatujaona kichaa chochote, tunasema amekwamwa na mfupa, na anatokea mwenye huruma mmoja anaingiza mkono.

Kumbuka basi. Mbwa au paka aliyebadilika tabia ghafla, hata kama amebadilika kuwa malaika, humshiki. Unamfungia mahali, unamwita mtaalamu wa mifugo.

Sasa nifike kwa Mama Sifa, na hapa itanibidi nijiseme.

Watu wote wa mtaa wetu huu wa Makole wanajua kwa nini mbwa wetu anaitwa Mtachoka. Wewe ulikuwa mdogo. Baba yako alipoondoka, palikuwa na maneno pale bombani, na niliamini kwamba Mama Sifa ndiye aliyekuwa akiyachota na kuyagawa. Sikwenda kumuuliza. Nilitafuta mbwa, nikampa jina, na kila jioni nikawa nasimama getini nimeuelekea ukuta wake, sahani mkononi, nikiita: Mtachoka, Mtachoka. Mbwa alikuja akala, akanenepa. Jirani alielewa. Hakujibu kwa miaka. Halafu mwaka huu akaletewa mbwa mdogo, na jioni ya kwanza nikasikia sauti yake kutoka ng'ambo ya ukuta, taratibu kabisa, kama mtu anayeimba kanisani: "Hatuchoki, njoo ule. Hatuchoki, mama."

Nilicheka mpaka nikashika nguzo. Kisha nikanuna wiki nzima.

Kwa hiyo asubuhi ile baada ya kukuosha kidole, nilipopiga hodi kwake, ilikuwa mara ya kwanza tangu uwe na meno ya utotoni.

"Mama Nyemo? Leo umepotea njia?"

"Hatuchoki yuko wapi?"

"Amechoka," akasema. "Amekufa alfajiri. Nimemtupa shimoni."

"Alichanjwa?"

"Mbwa mdogo vile achanjwe nini? Si wanachanja wale wakubwa tu?"

"Aliwahi kung'atwa na mbwa mwingine?"

Akafikiri. "Kuna koko lilimrukia pale kwenye banda la mkaa. Zamani lakini. Lilimng'ata puani, kidonda kikapona chenyewe."

Nyemo, ulinikuta katikati ya hotuba, lakini mwanzo wake hukuusikia, na ni bora. Nilikuwa na kila hoja mkononi. Nilikuwa sahihi kuanzia neno la kwanza. Nilimwambia kwamba mbwa mdogo ndiye wa kuchanjwa, akishatimiza miezi mitatu, na baada ya hapo kila mwaka, na kwamba siku ya chanjo gari la matangazo lilipita mtaani hapa mpaka likatukera. Nilimwambia kwamba mbwa aking'atwa na koko asiyejulikana hatazamwi kidonda tu, anapelekwa kwa mtaalamu. Nilisema uzembe. Nilisema watu kama nyinyi. Yeye alisimama amekunja mikono, na katika mikono ile niliona mikwaruzo, kwa sababu alikuwa akimnywesha yule mbwa maziwa kwa kiganja usiku kucha. Yaani aliyekuwa hatarini zaidi yako alikuwa mbele yangu, na mimi nilikuwa nashinda mjadala.

Aliponijibu hakupaza sauti. "Mama Nyemo, wewe hata maradhi unayafanya makala. Nenda kaandike gazetini. Mimi sina kichaa."

Akashika mlango kuufunga, na hapo ndipo ulipotokea nyuma yangu na kidole chako kimefungwa kitambaa. Ukapita kana kwamba mimi ni kichaka. Ukakaa kwenye ngazi yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Pole kwa Hatuchoki. Jana nilijua hutalala kwa ajili yake."

Na yule mwanamke, aliyesimama mbele yangu kama askari, akaanza kulia. Kwa ajili ya mbwa. Mliongea habari za yule mbwa, alivyokuwa anaiba kandambili, alivyoogopa mvua, mpaka mimi nikajisikia mjinga kusimama pale. Halafu ukasema, kama mtu anayeomba chumvi, "Mama, mimi naogopa sindano. Nisindikize hospitali. Na hiyo mikono yako waiangalie huko huko." Akaenda kutafuta mtandio.

Ulipoingia chumbani kuchukua pochi nilikuuliza umejuaje la kusema. Ukanitazama kwa lile jicho lako. "Mama, si amefiwa."

Mimi nilibaki kumpigia simu mtaalamu wa mifugo wa kata. Akaja na glovu na mfuko, akamtoa Hatuchoki shimoni, akachukua kinachotakiwa kupelekwa maabara, akaniambia mzoga wa mbwa wa namna ile hautupwi wala hauzikwi kimya kimya kabla hajaarifiwa yeye. Kisha Mtachoka naye akachomwa tena, ingawa chanjo yake haijapitwa na muda, kwa sababu wale wawili walikuwa na kawaida ya kunusana chini ya geti huku wenye mbwa hawasalimiani. Majibu ya maabara hatujaletewa mpaka leo. Na daktari wenu hospitali aliwaambia vizuri: majibu hayangojwi, mnaanza, na mkianza mnamaliza.

Mnamaliza, Nyemo. Alilisema neno hilo akiwatazama wote wawili.

Nitakuambia sasa habari ya Mjomba Yona, ambayo sikukusimulia kwa sababu huko kwetu Kibakwe tulikubaliana kutoitaja. Alikuwa kaka wa mama yangu. Alikuwa na mbwa wa kulindia mahindi dhidi ya ngedere, mbwa wazuri, na mmoja wao akamng'ata kwenye kifundo cha mguu wakati akiwaamulia ugomvi. Mjomba hakuwa mjinga. Alishuka mlima mpaka Mpwapwa, akachomwa, akarudi, akashuka tena. Kisha ukaja wakati wa kuvuna. Kidonda kilikuwa kimefunga vizuri, ngozi mpya imeota, anatembea, anabeba gunia. Akasema, kwa maneno yako kabisa, kwamba zilizoingia zinatosha. Sitakueleza jinsi alivyokufa. Nitakuambia tu kwamba aliomba maji, na yalipoletwa aliogopa kikombe. Ugonjwa ule ukishajionyesha kwa mtu hauna tiba, si Mpwapwa, si Dodoma, si Ulaya. Una mlango mmoja tu wa kuuzuia, nao uko mwanzoni.

Kwa hiyo usinionyeshe kidole kilichopona. Kidole kilichopona hakinipi habari yoyote.

Nakusikia ukisema, haya, mama ameshaanza. Kweli. Na kwa kuwa nimeanza, acha nikusemeshe habari ya huko uendako, maana unakwenda kuwa mwalimu, na mwalimu kijijini huulizwa kila kitu. Wataleta watoto wanaoongea Kirangi nyumbani, na wengine waliotoka upande wa Chemba wenye ile lugha ya Kisandawe ambayo ulimi wako hautaiweza, na nyuma ya watoto watakuja mbwa. Wataulizia upele, kupe, tumbo. Utatamani kutoa hotuba. Damu yangu unayo.

Nilitoa hotuba moja hapa mtaani kwa mzee anayeuza mkaa. Mbwa wake alikuwa na ukurutu, manyoya yameisha mgongoni, na mzee akampaka oili chafu ya gari kutoka kichwani mpaka mkiani. Nilimkuta anang'aa kama kiatu. Nikamweleza mzee kwamba oili ile ni sumu, inapita kwenye ngozi, na mbwa akijilamba anaimeza, ini na figo zinaharibika huku upele unaendelea kuishi kwa raha. Yote kweli. Mzee akanisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono, akauliza: "Sasa mwalimu, wewe umeniletea dawa gani?"

Sikuwa nimeleta dawa. Nilikuwa nimeleta hoja. Sikujua hata sindano ya ukurutu inapatikana wapi wala ni nani wa kuichoma. Mbwa akaendelea kupakwa oili, na nilikuwa nimeshinda. Ukiwa Kolo, kabla hujamwambia mtu aache, ujue mtaalamu wa mifugo yuko wapi, anapatikana siku gani, na anaitwa kwa namba ipi. Ndipo ufungue mdomo.

Paka utafuga tu, hata kama unakataa sasa, kwa sababu nyumba za walimu zina panya kuliko chaki. Nisikilize hapa, maana nimelipia. Unamkumbuka mama wa paka wetu Katiba, yule mweupe? Wewe unaamini aligongwa na bodaboda. Aligongwa na mimi. Alikuwa na homa, amelala tu, na mimi niliyesoma rafu mbili za vitabu nikafikiri dawa ya homa ni dawa ya homa, nikampondea kipande cha Panadol kwenye maziwa. Kufikia kesho yake uso umevimba, fizi zimekuwa rangi ya udongo, anavuta hewa kwa mdomo. Mtaalamu alipofika akauliza nimempa nini, nikamwambia kwa fahari kabisa. Hakunigombeza. Alivua kofia. Mwili wa paka hauwezi kuivunja dawa ile, hata kidogo cha kulambishwa. Wala dawa nyingine yoyote ya maumivu kutoka kwenye kabati lako. Akiwa na homa, amekataa chakula siku nzima na nusu yake, anaonwa na mtaalamu, hanyweshwi dawa kwa kukisia.

Na wafugaji watakupa ile dawa ya kuogeshea ng'ombe, kwa nia njema, umwondolee paka viroboto. Usiipokee. Inayoua kupe wa ng'ombe inaweza kumuua paka kwa kutetemeka mpaka mwisho, na hata ile ya mbwa, nyingi hazimfai paka. Mbwa naye haogeshwi kwa kukadiria mfuniko kwa jicho. Kupe wachache unawatoa kwa mkono, unamkamata karibu kabisa na ngozi, unamvuta taratibu, na ukimaliza unanawa. Hakuna ushujaa wala moto wa kiberiti unaohitajika.

Watakuonyesha mbwa mtoto mwenye tumbo kama ngoma na watakuambia ameshiba. Tazama mbavu. Ukiziona mbavu juu ya tumbo lile, hiyo si shibe, ni minyoo, na minyoo ile inawapata watoto wanaocheza naye mchangani. Ukiona anaharisha damu na kutapika, usimpe juisi ya mwarobaini wala yai bichi. Mtenge na wenzake, umwahishe kwa mtaalamu, maana mbwa watoto hukauka maji na kufa wakati watu bado wanashauriana. Na mifupa ya kuku iliyopikwa usimtupie kamwe. Hiyo kweli hukwama. Unaona inavyoudhi? Mama Sifa hakubuni kitu. Mifupa hukwama. Ndiyo maana uongo ule ulitukalia vizuri.

Wale vijana wanaomlisha mbwa pilipili na kumfunga mnyororo mfupi juani ili awe mkali, waulize tu kama wao wakifanyiwa hivyo watalinda nyumba ya nani. Hapo nakuruhusu kuwa mtoto wangu.

Lakini kwa wengine wote, Nyemo, anza kama ulivyoanza kwenye ile ngazi. Sijui ulijifunzia wapi, hapa nyumbani hukuliona jambo hilo. Mimi nimetumia nusu ya maisha kuwaambia watu ukweli kwa namna ambayo wasingeweza kuupokea bila kujidhalilisha, halafu nikawashangaa kwa nini hawaupokei. Kama ningekuwa nasalimiana na yule jirani, angeniambia kwa juu ya ukuta, siku koko lilipomng'ata yule mbwa mdogo. Tungempeleka mapema. Wewe usingekuwa na kadi ya sindano kwenye pochi yako. Sisemi hivi ili unihurumie. Nasema kwa sababu inaniudhi, na sijapata mtu mwingine wa kumlaumu.

Nilikuwa nimekusudia kumalizia hapo. Lakini kuna jambo limetokea sasa hivi, wino wa sentensi ile haujakauka, na linahusu ile sindano.

Tangu juzi nimekuwa nikijaribu kumbadilisha Mtachoka jina. Usicheke. Sikutaka kukuambia. Jina lenyewe nimelichagua fupi, Karibu, kwa sababu nilifikiri hata mbwa mzee anaweza kulizoea. Kwa hiyo jua lilipoanza kushuka nikaiacha barua hii kwenye kiti, nikachukua sahani, nikasimama getini pale pale ninaposimama siku zote, nikaita. "Karibu. Karibu. Njoo, Karibu."

Mbwa hakugeuza hata sikio. Alilala akinitazama kama mtu anayesubiri niache utani.

Aliyekuja ni Mama Sifa. Nilisikia kandambili zake upande wa pili, geti likasukumwa, akaingia na mtandio wake begani, akasimama uani kwetu anaangaza huku na huku kama mtu aliyeingia benki.

"Umeniita?"

Ningeweza kusema namwita mbwa. Nilikuwa na neno hilo mdomoni. Nikasema, "Ndiyo. Kaa."

Akakaa kwenye kiti chako. Mtachoka akaja kulala miguuni pake, msaliti. Nikampa chai. Tukaongea habari ya vumbi, habari ya zabibu za mwaka huu, kila kitu isipokuwa miaka yote ile. Kisha akauliza kama umeshafungasha, na kama kadi umeiweka pazuri. Nikamwambia ukweli, kwamba unasema zilizoingia zinatosha.

Akamkuna mbwa kichwani.

"Kama mwenye elimu yake zinamtosha," akasema, "basi na mimi zinanitosha. Mimi nilikwenda kwa sababu yake. Sindano yenyewe inauma."

Nilifungua mdomo, Nyemo. Mjomba Yona alikuwa tayari ulimini, na ini na figo, na hoja zote kwa mpangilio. Nikaufunga. Nikamuuliza badala yake kama ataongeza sukari. Akaongeza. Akanywa mpaka mwisho, akakiweka kikombe chini, ndipo akasema, "Mwambie tarehe ni ile ile, yake na yangu. Nitakwenda pale hospitali asubuhi, nitakaa kwenye benchi letu. Akishachomwa huko Kondoa anipigie simu, nimsikie mwenyewe. Ndipo na mimi nitatoa mkono. Asipopiga, nitarudi nyumbani nikapike."

Akaondoka. Getini aligeuka akamtazama yule mbwa. "Mrudishie jina lake," akasema. "Amelizoea."

Kwa hiyo mbwa bado ni Mtachoka, na maharage yanaungua, na nakuona unakuja kule kona ya mtaa unaongea na simu bila kutazama pikipiki. Barua hii nitaitia kwenye begi, chini ya vitenge, utaikuta ukifika. Shuleni utamwambia mwalimu mkuu siku ya kwanza kabisa, kabla ya kuonyeshwa darasa, kwamba siku fulani utashuka Kondoa mjini asubuhi, na kadi utamwonyesha. Akikunja uso, mpe namba yangu. Huyo nitaongea naye mimi, kwa namna yangu ya zamani.

Halafu upige simu. Si kwangu. Mimi nitakuwa nimekaa pembeni yake kwenye lile benchi, na nimeahidi kunyamaza.

Mama yako